Maneno ya Hood Tuliyowafundisha Ndege wa Ngonga

Mwanangu Lugano,

Hali yako siulizi. Nimekuona sasa hivi ukivuka mfereji nyuma ya bibi yako, umevaa vile viatu vya shule ulivyokatazwa kuvivaa kabla ya kesho, mkienda Itungi kuaga ndugu. Mzima wewe, na mkaidi. Mimi nimebaki kibarazani nalinda kokoa iliyoanikwa, fimbo ya kuku mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. Nakuandikia kwa sababu mambo haya nikianza kuyasema kwa mdomo nitatazama chini, nitakuna kidole cha mguu kwa kidole kingine, kisha nitaishia kukwambia, "Haya, nenda ukaoge." Unanijua.

Ya sabuni, ya kutoazimisha kandambili, ya kutokula vya watu usiowajua, bibi amekwisha kuyasema mpaka sauti imemkauka. Nayaruka. Mama yako Ambwene atasema yake kesho pale mpakani Kasumulu kabla hamjavuka daraja, na atayasema yote kwa pumzi moja kama anavyouza mchele. Yangu mimi ni ya maneno. Maneno ya Kiingereza yenye mkia wa "hood", jinsi yalivyokupatia shule, na jinsi yalivyonitoa mimi nyuma ya jiko la watu.

Hukumbuki ulivyofika mgongoni mwangu, ulikuwa na miaka mitatu. Mimi nilikuwa na tisa. Dada Ambwene alipoanza kuvusha mchele kwenda Malawi, Karonga na Mzuzu, alikufunga mgongoni mwangu kwa kitenge chake mwenyewe, akakaza fundo kifuani, akasema, "Mshike, narudi Jumamosi." Alirudi Jumamosi ile, akaondoka, akarudi nyingine. Ndivyo tulivyoishi: yeye njiani, bibi shambani, wewe mgongoni. Ukikojoa nalowa mimi. Ukiugua nakosa shule mimi. Wakubwa waliona sawa tu, maana kwetu mdogo wake mama ni mama, hata kama yeye mwenyewe bado anang'oka meno.

Lakini shuleni hawakuona sawa. Nilipoingia sekondari uliniandama asubuhi moja hadi getini unalia, "Mama! Mama!" Basi. Kuanzia siku ile jina langu likawa Mama Lugano. Wavulana wa nyuma walikuwa wakiniuliza, "Mama Lugano, baba yake hajambo?" Darasa zima linakufa kwa kicheko. Na mimi, badala ya kucheka nao au kuwajibu, niliwafuata mmoja mmoja kuwaeleza: si mwanangu, ni wa dada, mimi ni mama mdogo tu. Hiyo "tu" niliisema mpaka na wewe ukaisikia. Ulikuwa umesimama pale dukani kwa muuza vitumbua, kitumbua mdomoni, ukaacha kutafuna. Wiki nzima ukaniita "dada". Mwanangu, haya yangu imenigharimu mengi, lakini ile wiki ndiyo ghali kuliko yote.

Na haya hiyo hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo kwenye Kiingereza. Usifikiri sikujua. Nilijua! Nilikuwa naweza kukuandikia kurasa mbili bila kosa. Ila kusema, hapana. Mara moja mwalimu alitupa insha ya utoto wetu, "My Childhood", akaipenda yangu, akasema, "Atupele, njoo mbele uwasomee wenzako." Nikaenda. Karatasi nimeishika. Midomo ikafunguka, sauti haikutoka hata ya nzi. Nilisimama pale kengele ikalia, mwalimu wa kipindi kingine akaingia, bado nimesimama. Tangu hapo nikawa Bubu wa Ngonga, nafuu kidogo kuliko Mama Lugano, nilijidanganya hivyo. Nilimaliza kidato cha nne sijawahi kusema sentensi nzima ya Kiingereza mbele ya mtu.

Ndipo shangazi yako wa Karonga, dada wa marehemu baba yako, akaleta habari. Ipo shule ya bweni ya wasichana kule, nzuri, ina nafasi chache, ila mtoto atasailiwa kwa Kiingereza kitupu, na baada yake atasailiwa mzazi. Bibi akanigeukia na mwiko mkononi. "Wewe ndiye mwenye Kiingereza humu ndani. Mfundishe."

Mimi! Bubu afundishe kuimba.

Nilianza vibaya, na hili nataka ulijue, kwa sababu utakutana na watu watakaokufundisha vibaya huku wanakupenda. Nilikufundisha kama nilivyofundishwa, kwa kukaririsha mikia. Nikakwambia, neno likiishia na "er", huyo ni mtu anayefanya hiyo kazi. "Teach", "teacher". "Farm", "farmer". "Sing", "singer". Ukafurahi, ukaona Kiingereza kumbe ni mteremko. Kesho yake ukasimama darasani mbele ya mgeni aliyekuja kukagua ukasema bibi yako ni "a very good cooker". Mgeni akauliza kama bibi yako anatumia gesi au umeme. Ulirudi nyumbani macho mekundu, ukanitupia mkoba. "Mama mdogo, umenifanya nimwite bibi jiko!"

Bibi alipoelezwa alicheka akakaa chini. "Si uongo," alisema. "Tangu niolewe mimi ni jiko."

Halafu tukaenda kwenye "less". Nikakwambia ni "bila". "Homeless", bila makao. "Fearless", bila woga. Ukakutana na "priceless" ukasema, basi hicho ni kitu cha bure, hakina bei. Nikakwambia hapana, ni kitu chenye thamani hadi bei yake haitajiki. Ukanitazama kama mtu aliyepunjwa sokoni. Nikaona uso wako unafunga, kama wangu ulivyofunga mbele ya darasa. Nikasema moyoni, Atupele, unamtengeneza bubu wa pili.

Mpunga ndio uliotuokoa. Ulipoanza kuiva shamba la Ngonga, shule zikafungwa, bibi akatupeleka kuamia ndege. Unakumbuka kwelea kwelea walivyokuwa mwaka ule? Walikuwa wanakuja kama moshi. Ukisinzia kidogo tu suke limebaki kapi. Tulikaa kwenye lile dungu la miti, mimi na kombeo, wewe na debe, tangu jua halijatoka mpaka ndege wakalale. Na kazi ya dungu unaijua: ni kupiga kelele. Ukiacha kupiga kelele umeacha kazi.

Sasa nikwambie kitu ambacho labda hukukigundua. Juu ya dungu mimi sikuwa na haya. Nilipiga kelele kama nimekodishwa. Hayupo wa kucheka pale, ndege hana darasa. Siku ya tatu au ya nne, "Haaa! Hooo!" zimenichosha, sijui nini kilinipata, nikasimama nikapiga kwa nguvu zangu zote: "CHILDHOOOOD!"

Wakaruka wote! Konde zima likainuka mbinguni.

Ukaacha debe. "Ndiyo nini hiyo?"

"Utoto."

"Lingine."

"MOTHERHOOOOD!"

"Ndiyo nini?"

"Umama."

Na wewe ukasimama, ukashika nguzo ya dungu, ukapiga: "MAZAHUUUUD!" Wakaruka tena wale waliokuwa wanataka kutua. Ukaniangalia umefungua mdomo wote, jino lako la mbele limepishana na mwenzake, na nikajua nimepata shule yangu.

Tulimaliza maneno yote ya "hood" niliyoyajua. Nilikuonyesha kwamba hayo hayana ujanja mwingi kama wale jamaa wa "er". Sisi tunasema utoto, umama, ujirani, undugu, ile "u" tunaitanguliza mbele, kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Na nyumbani kwa Kinyakyusa tunasema ubukamu, yaani undugu, nayo imetangulia. Mwingereza yeye mzigo wake anaufunga nyuma. Mzigo ni ule ule. "Neighbourhood", hapo mtaani unapoishi na majirani zako. "Sisterhood", udada. Ukaniuliza wewe mwenyewe, "Na riziki?" Nikakupa "livelihood", na hiyo ukaipenda kuliko zote kwa sababu ni ndefu, inakaa hewani. Ulikuwa unaipigia ndege waliokuwa wanakula riziki yetu, ilikuwa haki kabisa. "Falsehood" ni uongo, hiyo tulimwekea yule ndege mmoja mkubwa aliyekuwa anajifanya anaondoka kisha anazunguka nyuma.

Na baada ya neno, sentensi. Sikukuruhusu tena neno likae peke yake. "My mother works for our LIVELIHOOOD!" Ndege juu. "There is rice in my NEIGHBOURHOOOD!" Ndege juu. Baba Gwamaka wa shamba la pili aliweka jembe chini.

"Enyi watoto! Mnafukuza ndege au mnawasomesha?"

"Tunawasomesha, Baba Gwamaka!" ulimjibu.

"Basi wafaulisheni haraka wavuke Songwe, wakale mpunga wa Malawi, na sisi tupumue!"

Siku moja bibi alituletea ndizi na usipa, vile visamaki vya ziwani, akakaa chini ya dungu akisikiliza. Nilikuwa nimekufundisha "widowhood" asubuhi ile, na ulikuwa hujaichoka. Ukaipiga. Bibi akauliza ndiyo nini. Nikasita, nikatamani niseme ni jina la mtu. Nikamwambia, "Ni ujane, mama."

Akachambua mfupa wa samaki. Nikakukonyeza uache.

"Msiache," bibi alisema. "Hilo mimi nimelinyamazia tangu mume wangu azikwe. Linasemwaje?"

Tukamwambia. Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akashika kiuno: "WIDOHUUUDI!" Sikuwahi kumsikia mama yangu akitoa sauti ile. Ndege wa kwetu waliruka, wa Baba Gwamaka wakaruka. Akakaa, akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana, kama mtu aliyetuliwa gunia, akaendelea na ndizi yake.

Mpunga ule tuliuvuna wote, Lugano. Suke kwa suke.

Mtihani wa darasa la saba ulipokwisha ikaja siku ya Karonga. Mpango ulikuwa mzuri: mama yako Ambwene angetokea Mzuzu na mzigo, tukutane pale shuleni, wewe usailiwe, yeye asailiwe, mimi nibebe chakula. Kazi yangu ilikuwa chakula tu. Nilifurahi. Tumefika getini na shangazi, simu ikalia. Gari la dada limekufa njiani, fundi ameenda kutafuta kifaa, hajui atatoka lini.

"Simama wewe," aliniambia.

"Dada, siwezi."

"Unaweza."

"Waambie watupe siku nyingine."

Shangazi akaniambia kwa upole hakuna siku nyingine. Orodha inafungwa leo. Mtoto ambaye mzazi hakusimama, nafasi yake inakwenda kwa anayefuata, na wanaofuata walikuwa wamejaa pale chini ya veranda, wamevaa soksi nyeupe, wanazungumza Kiingereza wao kwa wao kama wanakula karanga.

Dada akasema, "Atupele, mimi namjua huyo mtoto kwa Jumamosi. Wewe unamjua kwa wiki nzima. Simama." Simu ikakatika.

Nitakwambia nilichofanya. Walipokuita ndani nilikusukuma mgongoni nikasema, "Nenda, mama." Halafu nikazunguka jengo, nikaenda nyuma ya jiko la shule, nikasimama kati ya ukuta na rundo la kuni. Nilikuwa namwomba Mungu wasiniite. Nafasi yako ilikuwa inaning'inia mle ndani, na mama yako, maana kwa siku ile mama yako nilikuwa mimi, amejibanza kwenye kuni kama kuku anayetaga kwa jirani.

Dirisha la ofisi lilikuwa wazi. Nikasikia sauti ya mwanamke, nzito, ikikuuliza kwa Kiingereza: "Tuambie kuhusu mahali unapoishi."

Kimya.

Nikasema, ndiyo hiyo. Amenirithi.

Kisha ukapiga:

"MY NEIGHBOURHOOOOOD!"

Lugano! Hukuwahi kulisema neno lile ila kwa ndege! Wala sikukufundisha kulisema vingine! Nilisikia kikombe kimeanguka mle ndani. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kama kuna moto. Wale wa soksi nyeupe walikimbilia dirishani. Na wewe, ukadhani hawajakusikia vizuri, ukaongeza: "MY NEIGHBOURHOOOD IS NGONGA! THERE IS RICE! THERE ARE VERY MANY BIRDS!" Na ukaendelea hivyo hivyo, sentensi juu ya sentensi, hakuna iliyokatika, mifereji, kokoa, Baba Gwamaka, ujane wa bibi, yote kwa sauti ya mtu aliye upande wa pili wa konde.

Ulipopumua, ile sauti nzito ikauliza kwa nini unapiga kelele.

"Ndivyo nilivyofundishwa, madam," ulijibu, sasa polepole. "Shambani. Ukinong'ona ndege hawaondoki."

Wakacheka. Nilikijua kicheko cha kudharau, nimekulia ndani yake, na hiki hakikuwa hicho. Nami nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka, na mpishi ananiangalia.

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya jiko," ulisema. "Ana haya."

Hukusema mama mdogo. Hukuweka "tu". Ukanitaja na mahali nilipo! Mpishi aliweka mwiko chini, akanishika mkono akanitoa kwenye kuni, akanipangusa magome mgongoni. "Nenda, binti," alisema, "wanakuita."

Mle ndani walikuwa watatu, na huyo mwenye sauti alikuwa mwalimu mkuu, mama mrefu aliyevaa miwani kwenye kamba. Nilipiga goti kidogo nikasalimia macho chini, kama tunavyosalimia wakubwa. Yote yaliyofuata yalisemwa kwa Kiingereza, nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo yalivyokaa moyoni.

"Una miaka mingapi?" aliuliza mwalimu wa kiume aliyeshika kalamu.

"Kumi na tisa."

"Na huyu ni binti yako?" Akatabasamu. Lilikuwa lile tabasamu la wavulana wa nyuma, limevaa tai.

Sauti ikaondoka. Niliisikia ikiondoka, kama ile siku ya insha. Nikaangalia meza, nikaangalia chai iliyomwagika. Jibu la kuokoa uso wangu nililijua, nililifanyia mazoezi sekondari nzima: hapana bwana, ni mtoto wa dada, mimi ni "aunt" tu. Maana Kiingereza kina neno moja, "aunt", na humo wanatutia sote, shangazi na mama mdogo na mama mkubwa. Ningelisema, angeandika kwamba mzazi hakuja, na ingekuwa kweli tupu kwenye karatasi yake.

Nikakutazama. Ulikuwa umekaa kwenye kiti kirefu, mikono mapajani, viatu havigusi sakafu vizuri, na hukuwa na wasiwasi hata chembe. Ulikuwa unanisubiri nianze. Kama kwenye dungu.

Nikaanza.

"Bwana," nilisema, "kwa Kiingereza mimi ni 'aunt' yake. Kwa lugha ya kwetu mimi ni mama yake, yule mdogo. Mama aliyemzaa yuko njiani na gari bovu anatafuta riziki yetu. Mama aliyebaki nyumbani ndiye mimi. Nimembeba tangu nina miaka tisa. Kama mnataka aliyemzaa, hayupo. Kama mnataka anayemjua, niulizeni."

Yule wa kalamu akasema fomu inataka mzazi. Mwalimu mkuu akamwinulia mkono.

"Akikosea," aliniuliza, "hufanyaje?"

"Hucheka kwanza. Halafu hupotea. Mkimtafuta, tazameni mahali penye chakula kilichohifadhiwa. Nyumbani hujificha ghalani."

"Akiumwa?"

"Hasemi. Huanza kuwa mpole. Mkimwona mpole, mpimeni malaria."

Akacheka kwa pua. "Na wewe unamtakia nini hapa?"

"Asiwe kama mimi," nilisema. "Mimi nilijua kila kitu nikanyamaza. Nataka ajue nusu na aseme yote."

Ndipo nikagundua dirishani pamejaa vichwa, mpishi akiwa mbele. Nilikuwa napiga kelele, Lugano. Yote yale niliyasema kwa sauti ya Ngonga. Wewe ulikuwa umeziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika.

Mwalimu mkuu akavua miwani. Akamgeukia mwenzake akamwambia kwamba na yeye ni Mngonde, na kwao pia mdogo wake mama ni mama, na kama fomu haijui hilo basi fomu ijifunze. "Andika," alisema. "Mzazi amefika." Kisha akanigeukia, na safari hii akasema kwa Kingonde chake, ambacho ni kama chetu tu kimevaa kofia nyingine: nyamazeni sasa nyote wawili, masikio yangu yanauma, mtoto ameingia.

Nilikubeba. Una miaka kumi na mitatu, miguu inaburuta, nikakubeba mgongoni kuanzia ofisini mpaka getini, na wale wa soksi nyeupe wakapiga makofi sijui kwa nini, labda kwa sababu na sisi tulikuwa tunapiga kelele.

Jambo moja liliniogopesha njia nzima ya kurudi: dada. Jina lililoandikwa ni langu. Nilimpigia tukiwa Kasumulu, nikamweleza, nikamwambia kama ataona vibaya tutarudi kubadilisha. Dada akasema, "Mimi nilimzaa mbiombio, Atupele. Wewe umemlea kwa miguu. Jina likae." Akaongeza, kwa sababu ndivyo alivyo, "Lakini viatu nanunua mimi." Ndivyo hivyo ulivyovivaa leo kwenye matope.

Sikuambii uwe jasiri. Ujasiri unao, tena umezidi hata mahali pa kuutumia. Nakwambia tu niliyoyaona. Huko unakokwenda watakuwepo wanaosema Kiingereza laini kuliko chako, watakucheka namna unavyolirefusha neno mwishoni. Kicheko kikiwa kizuri, cheka nao. Kikiwa kibaya, usiwafuate mmoja mmoja kujieleza kama nilivyofanya mimi, maana kila unayemweleza unamwachia kipande chako, na mwisho unabaki na "tu". Na ukisahau neno, uliza. Na ukikosea, usilitafute ghala, huko wanaweka kufuli. Simama pale pale ucheke, ile sehemu ya kwanza unaiweza.

Kuku wamekula kokoa kiasi wakati naandika haya. Usimwambie bibi.

Mwakani nakwenda chuo cha ualimu. Nimepeleka maombi yangu juzi, hata dada hajui. Pale penye swali la kwa nini unataka kufundisha nimejaza mistari yote nikageuza karatasi.

Naona kanga ya bibi kule kwenye michikichi, mnarudi, na wewe umevivua viatu umevishika mkononi kama mtu asiye na kosa. Kwa hiyo namaliza. Shule yenu ina siku ya wazazi. Wanasoma jina la mtoto, kisha jina la mzazi, na mzazi anasimama watu wamwone. Nitakuwa nimekaa mstari wa mbele. Wakisoma jina langu, Lugano, usigeuke nyuma kunitafuta.

Mama yako,
Atupele